“Hujazidi 40 hata dakika”: ovataimu ya siku inahesabiwaje California?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, karatasi zangu za mshahara ziko hapa mezani pamoja na simu ya kupigia hesabu. Nimehesabu mara tatu na kila mara napata jibu lake, ndipo nikaona nikuulize.

Mimi ni mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, na Marekani tuliingilia Fort Worth, Texas. Huko nilifunga maboksi ghalani miaka sita. Nilichojua kuhusu ovataimu ni kitu kimoja: ukivuka masaa 40 kwa wiki, kila saa inayozidi inalipwa moja na nusu. Usipovuka, huna chako. Mwaka jana tulihamia San Diego kumfuata shemeji yangu, na sasa niko kwenye kiwanda cha kufua mashuka na taulo za hoteli. Nalipwa dola 20 kwa saa, na cheki inatoka kila wiki.

Kuna wiki mbili zinaniumiza kichwa. Ya kwanza, Jumatatu, Jumanne na Jumatano niliingia saa kumi na mbili asubuhi nikatoka saa kumi na nusu jioni, maana hoteli zilikuwa zimejaa. Alhamisi kazi ikapungua, tukaachiwa saa sita na nusu mchana. Ijumaa saa nne asubuhi supavaiza akasema nendeni nyumbani, mashuka yamekwisha. Karatasi imeandika 10, 10, 10, 6, 4, jumla 40. Nimelipwa dola 800 kamili kabla ya makato. Nilipouliza ovataimu, supavaiza aliniwekea kidole pale kwenye jumla akasema, “Arobaini. Hujazidi hata dakika.”

Halafu ukihesabu toka kuingia mpaka kutoka, zile siku tatu ni masaa kumi na nusu, siyo kumi. Nusu saa ya chakula mashine inaikata yenyewe, hatugusi kadi. Ni Ijumaa tu ndiyo haikukata. Lakini chakula chenyewe nakila nimesimama, bakuli liko juu ya toroli la taulo, kwa sababu mashine kubwa ya pasi ikimeza shuka lazima nikimbie. Na anayeniita ni supavaiza mwenyewe: “Mama, mama, imekwama!”

Wiki iliyofuata nilifanya siku zote saba. Karatasi inaanzia Jumatatu inaishia Jumapili: 8, 8, 13, 8, 8, 5, 9. Jumla 59. Wiki hiyo alikuwepo supavaiza mwingine, tulikula tumekaa, na Jumatano tukapewa mapumziko mawili ya chakula. Wamenilipa masaa 40 kwa dola 20 na masaa 19 kwa dola 30, jumla 1,370, na juu yake bonasi ya dola 80 waliyotangaza tangu Ijumaa kwa atakayekuja Jumamosi na Jumapili. Nikafurahi, nikasema hii sasa iko sawa. Lakini mama mmoja wa Meksiko tunayefanya naye kazi anasema ya Jumapili wamekosea.

Siku ya kuajiriwa nilisaini karatasi nyingi za Kiingereza. Supavaiza anasema mojawapo ni ya kukubali siku ndefu. Mume wangu anasema niache, dola chache zisije zikatupotezea kazi na kodi ya nyumba ilivyo kubwa. Mwenzangu mwingine ambaye hana karatasi za kuishi hapa ananiomba ninyamaze kwa ajili yake.

Shangazi, hapo nina haki au ni tamaa? Na kama ni haki, inahesabiwaje?

Mama Furaha, San Diego

*

Marahaba, Mama Furaha, na pole na kazi ya kusimama.

Nianze na jibu ili upate usingizi. Siyo tamaa. Kwa maelezo uliyonipa, mwajiri wako anadaiwa dola 195 za wiki ya kwanza na dola 79 za wiki ya pili. Ni dola 274 kwa wiki mbili tu, kabla ya makato. Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja, maana hesabu hii utaifanya kila wiki utakayofanya kazi California. Mimi si wakili. Niliandaa mishahara ya wafanyakazi wa saa kwa miaka mingi, na haya ndiyo niliyokuwa nikiyafanya kila Alhamisi jioni.

Ulichojifunza Texas hakikuwa kosa. Sheria ya taifa ya mwaka 1938, iliyoweka ovataimu kwa nchi nzima, inatazama wiki peke yake, na huko Texas mfanyakazi wa ghalani hana zaidi ya hiyo. Lakini jimbo linaruhusiwa kumpa mfanyakazi zaidi ya sheria ya taifa, na likishampa, mwajiri analazimika kufuata ile inayomfaa mfanyakazi zaidi. California inatazama siku kwanza, kisha wiki. Kifungu cha 510 cha Sheria ya Kazi ya jimbo hili kinasema saa 8 za kwanza za siku ni za kawaida. Zinazofuata, mpaka ya 12, ni moja na nusu. Ukivuka 12, ni mara mbili. Ukifanya siku zote saba za wiki moja ya kazi, siku ya saba haina saa ya kawaida hata moja: 8 za kwanza ni moja na nusu, zinazozidi ni mara mbili. Ile 40 ya wiki nayo ipo pale pale.

Haki hii iliwahi kuondolewa. Kuanzia Januari 1998, tume ya jimbo iliyokuwa ikipanga masharti ya kazi iliwafutia wafanyakazi wengi ovataimu ya siku, ikabaki ya wiki tu. Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuirudisha mwaka 1999, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2000. Supavaiza anayekuwekea kidole kwenye 40 anatumia hesabu ya miaka ile miwili. Hata Tanzania ulikokulia, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inahesabu siku: 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na zinazozidi ni moja na nusu. Mimi naiona ni sheria yenye busara. Saa ya kumi ya Jumatatu mgongo wako umeilipa Jumatatu ile ile, na kuachiwa mapema Ijumaa hakuurudishii kitu.

Tuingie kwenye wiki ya kwanza. Chora safu tatu: kawaida, moja na nusu, mara mbili. Kwa sasa tufuate saa walizoandika wao. Jumatatu 10: weka 8 kwenye kawaida na 2 kwenye moja na nusu. Jumanne na Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi 6 na Ijumaa 4 zote ni za kawaida. Safu ya kwanza ina 34, ya pili ina 6. Thelathini na nne mara dola 20 ni 680. Sita mara dola 30 ni 180. Jumla 860, na wao wamekulipa 800. Hapo tayari kuna dola 60, na bado hatujagusa chakula.

Chakula sasa. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5, sheria inakupa nusu saa ya kula, nayo inatakiwa ianze kabla saa ya tano haijaisha. Nusu saa hiyo mwajiri anaweza asiilipe, ila kwa sharti kwamba uko huru kabisa: huna kazi, na ukitaka kutoka nje ya geti unatoka. Mahakama Kuu ya California ilieleza mwaka 2012 kwamba wajibu wa mwajiri ni kukuachia kweli, si kukusimamia ule. Kwa hiyo kama ungeachiwa ukaamua mwenyewe kurudi kukunja taulo, angekulipa muda uliofanya kazi lakini asingetozwa kitu zaidi. Wewe hukuachiwa. Bakuli liko juu ya toroli na supavaiza anaita jina lako. Hiyo ni kazi, wala haigeuki mapumziko kwa sababu kijiko kiko mkononi.

Matokeo yake ni mawili, watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza, ile nusu saa iliyokatwa inarudi kwenye saa zako za kazi. La pili, kwa kila siku ambayo chakula kilikosekana, unalipwa saa moja zaidi kwa kiwango chako, kama fidia. Hata kama siku hiyo mlikosa na mapumziko ya pili ya chakula, yale yanayotakiwa ukivuka saa 10, fidia ya chakula kwa siku inabaki saa moja. Haya, rudi kwenye safu zako. Jumatatu, Jumanne na Jumatano zinakuwa 10 na nusu kila moja, na Alhamisi inakuwa 6 na nusu. Kawaida: 8, 8, 8, 6 na nusu, 4, jumla 34 na nusu, sawa na dola 690. Moja na nusu: 2 na nusu mara tatu, jumla 7 na nusu, sawa na dola 225. Ongeza fidia ya siku nne kwa dola 20, yaani 80. Jumla dola 995. Toa 800 ulizolipwa, zinabaki 195.

Wiki ya pili ndiyo inayowachanganya hata maofisa wa mishahara, kwa hiyo twende pole pole. Jumatatu 8, Jumanne 8, zote kawaida. Jumatano 13: 8 kawaida, 4 moja na nusu, na ile ya 13 ni mara mbili. Alhamisi na Ijumaa 8 na 8, kawaida. Sasa simama uhesabu safu ya kawaida peke yake: 40 kamili. Hapa nilikosea mimi mwenyewe mwezi wangu wa kwanza kazini. Nilijumlisha saa zote mpaka Ijumaa nikapata 45, nikasema 5 zimezidi wiki, kumbe zile 5 nilishazilipa ovataimu ya Jumatano. Saa moja hailipwi ovataimu mara mbili. Zinazokupeleka kwenye 40 ni zile zilizo kwenye safu ya kawaida tu.

Jumamosi umeshafika 40, kwa hiyo zote 5 ni moja na nusu. Jumapili ni siku ya saba: 8 ni moja na nusu, ya tisa ni mara mbili. Safu ya pili ina 4, 5 na 8, yaani 17. Safu ya tatu ina 2. Utaona kwamba idadi ya saa za ziada wameipata sawa, 19. Walichokosea ni kuzilipa zote moja na nusu wakati mbili kati yake ni za dola 40. Arobaini mara 20 ni 800, kumi na saba mara 30 ni 510, mbili mara 40 ni 80. Jumla 1,390 badala ya 1,370. Mama wa Meksiko yuko sahihi, mpe salamu zangu.

Tahadhari moja kuhusu siku ya saba. Ni saba za wiki moja ya kazi kama kampuni ilivyoipanga, siyo siku saba zozote zilizofuatana. Kwenu wiki inaanza Jumatatu. Ungeanza Alhamisi ukaenda mpaka Jumatano ya wiki ya pili yake, mgongo ungehesabu saba, lakini sheria ingeziona nne na tatu. Mahakama ilithibitisha hivyo mwaka 2017.

Sasa zile dola 80 za bonasi, ambazo naona hukuzitilia shaka kabisa. Ovataimu haihesabiwi juu ya zile dola 20 tupu. Inahesabiwa juu ya kiwango chako halisi cha malipo, na bonasi iliyotangazwa mapema kwa sharti fulani, kama hiyo ya “atakayekuja Jumamosi na Jumapili”, ni sehemu ya kiwango hicho. Nyongeza ya shifti ya usiku nayo ni sehemu yake. Zawadi ambayo bosi anaitoa kwa hiari yake tu, bila kuahidi, haimo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya California iliamua kesi ya mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akipewa dola 15 kwa kila shifti ya wikendi, na ikaeleza hesabu yenyewe: chukua bonasi, igawanye kwa saa za kawaida alizofanya, siyo kwa saa zote. Kwako ni 80 gawa kwa 40, yaani dola 2 kwa saa. Zile saa 17 kila moja inaongezewa dola 3, ambayo ni 2 mara moja na nusu: dola 51. Zile 2 kila moja inaongezewa dola 4: dola 8. Jumla 59. Ukiziunganisha na zile 20 unapata 79.

Usiseme 59 ni kidogo. Kiwanda chenye watu wengi kikiahidi bonasi kila wikendi, kosa hili dogo linamla kila mtu kila wiki, na hakuna anayelisikia kwa sababu bonasi ilipokelewa kwa furaha.

Kuhusu karatasi uliyosaini. Ratiba ya siku ndefu bila ovataimu ipo kisheria, mfano siku nne za saa 10. Lakini haiwekwi kwa saini ya mtu mmoja siku ya kuajiriwa. Wafanyakazi wa kitengo husika wanapiga kura ya siri, theluthi mbili wakubali, na matokeo yanapelekwa serikalini. Wewe hukupiga kura yoyote, na wiki ya 10, 10, 10, 6, 4 si ratiba ya mtu yeyote, ni wiki iliyofuata mahitaji ya hoteli. Kuna mlango mwingine wanaoweza kujaribu kupitia: mfanyakazi akiomba mwenyewe kwa maandishi kutoka mapema kwa shughuli zake na kufidia saa hizo siku nyingine ya wiki hiyo, ovataimu ya siku inaweza isilipwe mpaka saa 11. Wewe Ijumaa hukuomba, ulirudishwa. Ukiletewa fomu ya kusema uliomba, usiisaini. Na kwa ujumla haki ya ovataimu haiuziki. Hata ungesaini kwa mikono miwili kwamba unaikubali 800, bado unawadai.

Kabla hujazungumza na mtu, shika daftari. Naona unaandika kwa saa zetu, na hilo limenifurahisha, lakini linaweza kukuponza. Ukiandika “12 mpaka 10:30”, ofisa wa hapa atasoma usiku wa manane mpaka saa nne na nusu asubuhi. Urefu utatoka sawa, saa kumi na nusu, ila muda wenyewe hautalingana na rekodi yoyote ya mashine, na daftari lako la kweli litaonekana la kutunga. Andika kwa namna zote mbili: saa 12 asubuhi, halafu pembeni 6:00, saa 10 na nusu jioni, pembeni 16:30. Andika ulikula saa ngapi, nani alikuita, mashine ipi ilikwama. Andika siku hiyo hiyo, kabla hujavua viatu. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutunza rekodi za saa, na rekodi zake zikiwa pungufu, maelezo ya mfanyakazi yenye mantiki yanapokelewa. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema hivyo mwaka 1946 katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha vyungu na sahani.

Na wenzako wanaosoma karatasi zao waangalie ile nukta: 9.75 ni saa tisa na dakika 45, siyo dakika 75. Robo saa ni .25, nusu ni .50. Wanaofanya shifti ya usiku waulize siku ya kampuni inaanza saa ngapi. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Alhamisi na kila mtu anaelewa, lakini kompyuta ya mishahara mara nyingi inaikata shifti hiyo vipande viwili saa sita usiku, ikaonekana umefanya 8 Jumatano na 4 Alhamisi. Kampuni inaruhusiwa kuchagua saa ya kuanza siku yake, ila ikishachagua iwe hiyo hiyo kila siku, na isiihamishe hamishe kukwepa ovataimu.

Ukishakuwa na daftari, omba kwa maandishi nakala za rekodi zako za mishahara. Mwajiri ana siku 21 za kukupa, na akikataa kuna faini ya dola 750 inayokuja kwako. Kisha nenda kwa anayeandaa mishahara, siyo kwa supavaiza. Supavaiza ameshakupa jibu lake, na pengine ndilo alilofundishwa. Mwambie: “Wiki hii nilifanya zaidi ya saa 8 siku tatu, naomba uniangalizie ovataimu ya siku.” Sentensi hiyo inatosha. Nimeona mara nyingi ikarekebishwa kwenye cheki inayofuata, kwa sababu mtu wa mishahara anajua kosa hilo likifika mbali litakuwa lake.

Wasiporekebisha, ofisi ya Kamishna wa Kazi wa jimbo iko hapo hapo San Diego. Malalamiko ni bure, huhitaji wakili, na unaomba mkalimani wa Kiswahili. Ovataimu na fidia ya chakula unaweza kuzidai kwa miaka 3 nyuma, na ukipitia mahakamani inaweza kufika 4.

Mume wako namwelewa, kodi haisubiri. Mwambie hivi: tangu tarehe 1 Januari 2024, mwajiri akikufukuza, akikupunguzia saa au akikushusha ndani ya siku 90 baada ya kudai mshahara wako, sheria inaanza kwa kuamini kwamba amekulipizia kisasi, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yake. Kwa hiyo tarehe uliyouliza nayo iingie daftarini. Hofu haitaisha yote kwa sheria hiyo, najua, lakini hutasimama mikono mitupu.

Mwenzako asiye na karatasi, zungumza naye kwa upole na usimtaje popote bila ruhusa yake. Ila ajue kwamba California inalinda mshahara wa kila aliyefanya kazi, awe na karatasi au asiwe nazo. Ofisi ya Kamishna haiulizi hali ya mtu ya uhamiaji, na mwajiri anayemtishia mfanyakazi kwa uhamiaji kwa sababu amedai haki yake anavunja sheria nyingine juu ya ile ya kwanza. Saa zake za Jumatatu ni ndefu kama zako.

Nawaona pia dada zetu wengi wanaotunza wazee majumbani, najua mtauliza. Mtunzaji wa mtu nyumbani kwa California ana hesabu yake: moja na nusu baada ya saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki, tangu mwaka 2014. Na mlio Aurora au Greeley kule Colorado, mpaka wenu wa siku ni saa 12. Alaska ni 8. Kwa hiyo kabla ya kumsahihisha binamu yako kwenye simu, muulize kwanza yuko jimbo gani.

Kesho, Mama Furaha, usianze na hizi wiki mbili peke yake. Toa karatasi zote tangu wiki yako ya kwanza kiwandani, zipange kwa tarehe sakafuni kama utakavyo, na kwenye kila moja zungushia duara kila siku inayozidi 8 na kila siku iliyokatwa nusu saa. Ukimaliza kuzungushia, niandikie umepata maduara mangapi, tutajumlisha.